Mraba Uliofutwa

Saa nne na dakika kumi na nne
inapita. Hatuioni.
Sekela amezima injini, boti inayumba
kati ya Kunduchi na Mbudya,
nami nimeinama ubavuni na chupa
kama mtu anayemwosha mtoto mkaidi.
"Sasa," anasema, macho kwenye saa.
Nazamisha.

Kilomita mia nane juu ya kofia yangu
jicho lisilo na kope linasoma rangi:
buluu ya maji matupu,
kijani cha vijimea vinavyolisha dagaa.
Na si kila linachokiona ni bahari.
Katika nuru kumi zinazolifikia, tisa ni za hewa,
za vumbi, ukungu, moshi wa jiji hili;
moja tu imezama kwenye maji ikarudi.
Kazi yetu ni kutoa. Kutoa, na kutoa tena,
hadi ibaki ile moja.

Husemwa macho hayana pazia.
Hili linalo. Wiki tatu nzima za masika
tulipokea wingu, picha nyeupe
kama shuka za Muhimbili zilizoanikwa.
Leo pazia limefunguka.

Maabara. Nachuja lita mbili polepole.
Kwenye karatasi linabaki doa,
kijani cha sketi ya shule iliyofuliwa miaka minne.
Jibu langu: sifuri nukta nne mbili.
Jibu la juu: sifuri nukta tatu tisa.
Mashahidi wawili ambao hawajawahi kuonana.
Sekela anapiga meza kwa furaha, chai inamwagika.

Kisha nasogeza picha kusini,
ingawa hakuna aliyenituma.
Pale Msimbazi unapomwaga, chini ya Salenda,
ulimi wa kahawia umejinyoosha baharini,
mzito kama chai ya rangi.
Na pale mdomoni hasa, miraba imefutwa. Mieusi.
Programu imeandika:
*nchi kavu na maji vimechanganyika, usitumie.*

Vimechanganyika, ndiyo.
Nilikuwepo Jangwani usiku ule vikichanganyika.
Ukuta wa jiko la mama umo humo,
na kuku sita wa Binti Pazi,
na daftari la vikoba, majina yote
na madeni yote.

"Uache," anasema Sekela. "Utaharibu wastani."
Nauacha. Ndiyo kanuni, na kanuni ni nzuri,
bila hiyo kila kidimbwi kingejiita bahari.

Jioni nampigia mama, kwa dada yangu Kitunda,
huko kilimani alikohamia na ndoo mbili.
Namweleza: kuna jicho, liko juu sana,
halijui watu, halijui nyumba,
linajua rangi tu.

Ananyamaza. Nasikia mwiko ukigonga sufuria.

"Rangi tu?"
"Rangi tu, mama."
"Basi liambieni litazame vizuri.
Kabati langu lilikuwa la buluu."