Kibao cha Thelathini

Gari jipya la kampuni lina jicho kwenye kioo.
Linasoma vibao lenyewe.
Mimi Banza, shofere wa miaka ishirini na miwili,
nimebaki mguu tu.

Barabara ya Kipushi, watengeneza lami walishaondoka,
wakasahau kibao chao: 30.
Nakanyaga. Gari linakataa, linalia ti, ti, ti,
kama mtoto aliyenyimwa bukari.
Nyuma yangu makamio yanapiga honi,
natukanwa kwa lugha nne.

Chini ya kibao Ma Nsenga anauza makala.
Siku ya kwanza nilisonya. Ya tatu akanipungia.
Kufika ya tisa nilishajua: goti la kushoto linamsumbua,
mjukuu anaitwa Kapya, gunia limepanda bei.
Yote hayo kipande kipande,
dirisha wazi, bila kusimama,
maneno yanayoenea ndani ya thelathini.

Jana kibao kiliibwa. Chuma kina wanunuzi.
Jicho halikuona kitu, gari halikulia.
Themanini.

Nilipokumbuka kutazama kioo cha nyuma
kulikuwa na vumbi jekundu,
na ndani ya vumbi, labda, mkono.