Lenzi ya Karibu

Daktari wa Ruwi ananiuliza kama muuza vitambaa:
"Bi Ghanima, ya mbali au ya karibu?"
Nimezaa wanane. Huyu wa tisa, mtoto wa jicho,
asiyelia wala kunyonya, anatolewa Jumatatu.

Raya anajibu kabla yangu: ya mbali,
aone barabara, aone milima.
Milima naijua. Haijahama.

Nipe ya karibu, mwanangu,
nitunge uzi sindanoni bila kuita mtu,
nitoboe kofia ya Muhanna, kitundu kwa kitundu,
nione mawe ndani ya mchele
kabla jino halijayaona.

Na babake Raya,
aliyelala ubavuni mwangu miaka arobaini
na sasa amelala Ibra, chini ya changarawe,
huko hakuna lenzi inayofika.