Wiki ya Figo

"Weka vidole hapa," akasema muuguzi Uberlinda,
"usibonyeze. Sikiliza kwa ngozi."
Nikaweka. Chini ya kiwiko cha mzee Baldovino
kitu kilikuwa kinavuma,
kama friji ya nyumbani usiku, wote wamelala.
"Hiyo ndiyo njia ya damu yake. Siku ukiikuta kimya
usimalize hata sentensi. Niite."

Mimi nilikuja kutazama upasuaji.
Niliandika hivyo kwenye fomu ya shule
kwa herufi kubwa, na mstari chini yake.
Wiki moja hospitalini, kila mwanafunzi na idara yake;
ya upasuaji ikajaa watoto wa madaktari,
mimi nikapewa figo.
Nikapewa na ufunguo wa kabati la mablanketi.

Mablanketi! Hakuna aliyeniambia
kwamba damu ikitoka mwilini kwenda kuoshwa
hurudi na baridi,
na Punta Arenas haina haja ya kuongezewa baridi.
Nje upepo unang'oa kofia, manispaa imefunga kamba
kando ya barabara, watu washike wavuke.
Ndani, watu kumi na wawili vitini,
kila mmoja kashikilia mrija wake.

Jumatatu nilikunja. Jumanne nilikunja.
Jumatano mashine ya kiti cha saba ikalia,
nikaruka, nusura nimwage chai ya mtu.
Uberlinda hakuruka. Alitazama uso kwanza,
midomo, kucha,
ndipo akaigeukia mashine, akanyoosha mrija uliojikunja.
Basi. Ni hilo tu.
Nikaliandika kiganjani: *uso kwanza*.
Halafu nikanawa mikono kama inavyotakiwa,
likafutika.

Baldovino alikuwa mkata manyoya ya kondoo.
Mia na arobaini kwa siku, anasema;
jana walikuwa mia na themanini.
"Na wewe, Yerko, ukikua?"
Nina miaka kumi na saba, nakua wapi tena?
"Daktari wa upasuaji," nikasema.
Akacheka mpaka mashine ikalia.
"Kukata, hata mlevi hukata.
Kazi ni kumshika kondoo asiogope."

Nyumbani mama amerudi kiwandani,
vidole vimechanika kwa magamba ya kaa.
Anafungua kitabu changu cha baiolojia kwa viwiko.
Ada, mkopo, alama za mtihani wa Desemba:
tumezipanga mezani, tukazipangua,
hazijatosha hata mara moja.
Saa kumi na moja alfajiri nachora nefroni.
Inatoka kama nyoka aliyemeza kijiko.

Alhamisi nikampelekea mzee ule mchoro.
Hakuutazama. Akanisomesha viazi:
menya, katakata, loweka, mwaga maji,
chemsha, mwaga tena, ndipo ule,
na ndizi ziache dukani.
Miaka sita, shuleni kwake ni sahani.
Nikaandika kurasa mbili.

Ijumaa kiti cha nne kilikuwa kitupu.
Hakuna aliyesema neno. Uberlinda akapiga simu,
akapiga tena, mgongo wake ukatugeukia.
Kumbe alivuka kwenda Porvenir kumwona binti yake,
na upepo ukafunga kivuko.
Kumi na mmoja vitini wakahesabu siku kwa vidole.
Mimi pia. Blanketi lake nikalikunja,
nikalikunjua, nikalikunja.

Jumamosi sikuwa na kitambulisho tena,
wiki yangu ilikwisha, fomu imepigwa muhuri.
Nilikwenda hivyo hivyo, nimeshika kamba kona hadi kona.
Alikuwa amefika, uso umevimba, viatu havifungiki.
Uberlinda hakuniuliza nataka nini pale.
Alinionyesha kwa kidevu: sabuni.
Nikanawa mpaka viwikoni, nikakausha, nikaweka vidole.

"Ipo?" akauliza mzee, kafumba macho.

Nikasubiri kidogo, niwe na hakika.

"Ipo."

"Basi lete mawili. Nimekuja na baridi ya Porvenir."