Dhamana

Miaka ishirini na mitatu nilikaa nyuma ya kioo,
kwanza dirishani, nikihesabu noti za watu,
kisha ghorofani, Idara ya Mikopo,
kiyoyozi kikinipuliza shingoni
hata nikazoea kuvaa sweta mwezi wa Novemba,
Dodoma nzima ikiungua chini yangu.

Siku ya kuaga walikata keki.
Wakanipa saa ya ukutani yenye nembo ya benki,
na meneja, kijana niliyemfundisha kazi,
akasema mlango uko wazi.
Nikavua utepe shingoni,
kitambulisho kikiwa bado na joto la mwili wangu,
nikakitia kwenye bahasha kama mtu atoaye rambirambi.

Saa hiyo sasa imetundikwa Nkuhungu,
ndani ya banda la mabati, juu ya mashine ya kukamua alizeti.
Upepo wa Julai umeijaza vumbi.
Iko nyuma dakika kumi na mbili; siirekebishi.

Watu huniuliza, "Sasa uko huru, eh?"
Huru gani, nami naamka saa kumi alfajiri
kusikiliza kama transfoma inaunguruma?
Zamani, kila tarehe ishirini na tano, simu ililia
ujumbe mfupi, mtamu: akaunti yako imepokea.
Siku hizi inalia pia.
Ni mtu wa leseni. Ni mwenye banda.
Ni kaka yangu Chilongani, anauliza nimepatwa na nini.

Wiki ya tatu mashine ilikohoa,
ikatema moshi, ikanyamaza.
Magunia arobaini ukutani, kutoka Chenene na Mundemu,
wenyewe wamekaa juu yake,
wanatafuna mbegu, wananitazama.
Mmoja akasema, mwiteni Mbeleje.

Akaja na baiskeli, mfuko wa spana begani.
Nikamjua kabla hajavua kofia.
Mwaka ule wa mvua haba alikaa mbele ya meza yangu,
kofia hiyo hiyo magotini,
akiomba milioni mbili na nusu
anunue mashine ya kuchomelea.
Faili lake lilikuwa safi. Mwandiko wa kunyooka.
Nikaandika maneno mawili kwa wino mwekundu,
dhamana haitoshi,
nikaita anayefuata.

Alilala chali chini ya mashine kwa saa nne.
Niliona magaga ya miguu yake tu,
na mkono uliochomoza mara kwa mara: "Kumi na saba."
Nikampa kumi na saba. "Siyo, kumi na tisa."
Nikampa kumi na tisa,
mimi niliyeishi kwa namba, sizijui.

Ilipounguruma, wenye magunia walipiga makofi.
Mafuta yakachuruzika, mazito, ya moto;
mama mmoja akachovya kidole, akalamba, akafumba macho.
Nikamuuliza Mbeleje, kiasi gani?
Akataja.
Nilikuwa na nusu yake, na aibu.

"Basi," akasema, anajisugua grisi mikononi kwa mashudu,
"utanipa ukipata."
Hakuuliza hati ya nyumba.
Hakuuliza wadhamini wawili, barua ya mtendaji,
picha ndogo nne, rangi ya buluu nyuma.
Akapanda baiskeli.

Sijui kama alinikumbuka.
Usiku nalipima neno hilo kama ninavyopima gunia,
mara linazidi,
mara linapungua,
na mzani ni ule ule.

Nikafungua daftari jipya. Kulia: Ninaowadai.
Kushoto: Wanaonidai.
Kushoto, mstari wa kwanza, nikaandika jina lake lote:
Yohana Mbeleje, fundi. Elfu sitini.
Mkono una mazoea yake:
nilikuwa nimeshachora na safu ya tatu, ya dhamana,
kwa rula, mistari imenyooka.
Nikakaa na kalamu juu ya kile kisanduku kitupu
hadi umeme ukakatika.