Mizani ya Usiku

Simu ya Roselida Khavere haikuanza kwa salamu.
"Imekataa tena, na foleni ya matrekta imefika kwenye kinu cha posho."
Nikavaa gambuti gizani, ya kulia mguu wa kushoto,
nikaiacha Kakamega imelala na mvua yake.

Malava ilinuka utamu unaoanza kuchacha.
Muwa uliokatwa haumngoji fundi:
kila saa unapoteza maji,
na maji ndiyo kilo, na kilo ndiyo karo.
Madereva walikuwa wanaota moto wa majani makavu.
Mmoja wao, Makokha, akaniuliza kama kompyuta imelogwa.
Nikasema sijajua bado.

Kwenye kioo, sentensi moja nyekundu.
Roselida akabonyeza ili nione.
*61,412 ina mwenyewe.*
Akabonyeza tena.
*61,413 ina mwenyewe.*
"Unaona? Inapanda. Naibonyeza tangu saa tano,
nikidhani itafika mahali patupu, ichoke kukataa."
Nilitaka kucheka, nikajizuia.
Hakuwa amekosea.
Alikuwa anapanda ngazi kwa magoti, basi.

Nikauliza lile swali la mafundi wote:
nini kilibadilika?
Hakuna, akasema.
Kisha, akimimina chai ya chupa:
labda ile wiki ya stima.

Akatoa daftari la kurasa mia mbili,
lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma.
Siku nne gizani alipima kwa mshale wa zamani,
akaandika tiketi kwa kalamu,
akazipa namba mwenyewe kutoka pale mashine ilipokomea:
61,188 hadi 61,961,
bila kuruka hata moja,
mwandiko umenyooka kama mifereji ya shamba.
Stima iliporudi akaziingiza zote, na namba zake.
Jedwali likazipokea.
Mhesabu hakuambiwa.

Maana mhesabu haishi ndani ya jedwali.
Anakaa mlangoni na kijitabu cha tokeni,
na anajua kitu kimoja tu: namba aliyoitoa mwisho.
Hageuki kutazama viti.
Mia saba na ushei waliingia kwa mlango wa nyuma,
yeye bado anamkabidhi kila mgeni, kwa adabu,
kiti chenye mtu.

Dawa ni mstari mmoja:
tafuta namba kubwa kuliko zote, mwambie aendelee kutoka hapo.
Kuuandika, dakika moja.
Kunakili kila kitu kwenye flashi kwanza,
kuusoma mstari, kuuogopa, kuusoma tena,
dakika arobaini.
Makokha akagonga dirisha.
Nikamwambia bado.

61,962.
Kijani.
Trekta la kwanza likapanda bamba la chuma, bamba likaguna.

Saa mbili asubuhi akaja mhasibu, Bwana Ogola,
viatu vimeng'aa katikati ya tope lote lile.
Akapitisha kidole kwenye karatasi, kikasimama.
"61,969. Halafu 61,971. Nani amekula moja?"

Nikamweleza: stima iliyumba,
tiketi ikavunjika kabla ya kuhifadhiwa,
na namba ikishatoka mkononi mwa mhesabu hairudi.
Trekta lilipimwa upya, likapewa inayofuata.
Hakuna kilo iliyopotea.
"Namba hii si hesabu," nikasema, "ni jina."
"Jina lisilo na mtu?"

Kwetu yapo, nikafikiri.
Mama yangu analo moja, hulitaja Desemba.
Sikusema.

Ogola akachora duara jekundu, akaenda kutafuta mandazi.
Roselida akafungua daftari lake,
ukurasa ambao hakuna aliyemwagiza aujaze,
akaandika kwa rula chini ya kila neno:
*61,970. Ilitolewa. Haikukaliwa.*

Kisha akaniambia gambuti zangu zimepishana.