Waya Uliovuka Uchochoro

Nilipanda ghorofa tisa, lifti hakuna,
begani mkoba wa vipimo, mfukoni fomu ya kurasa sita.
Kowloon, mwezi wa saba: jasho lilinitangulia paani.

Zamani kila chumba kilikuwa na antena yake.
Mifupa ya samaki, ndivyo wenyeji walivyoziita,
zimerundikana juu kama masazo ya karamu ya paka,
kila moja ikimkoroga jirani picha yake.
Ofisi yetu ikaamuru: jengo moja, antena moja,
waya ushuke hadi kila mlango, na asiwepo wa kula faida.
Amri nzuri. Naitetea hata leo.

Lakini rubani mmoja, akishuka juu ya nguo zilizoanikwa
kuelekea uwanja wa Kai Tak,
alisikia sikioni, badala ya mwongoza ndege,
mwanamke akiomboleza katika opera ya Kikanton.
Dakika nzima.
Akatua salama, akaandika barua.

Hewa si tupu, bwana. Hewa ni mtaa wenye wapangaji:
teksi, zimamoto, meli, ndege,
kila mmoja na chumba chake chembamba,
na ampifaya inayovuja ni mpangaji anayepika mlango wazi.

Nilimkuta Bibi Kiu Lai-fong amechuchumaa kando ya sanduku la bati.
"Wewe ndiye wa serikali," akasema. Hakuuliza.
Ndani ya bati: ampifaya, feni ndogo ya kuipoza,
na daftari. Vyumba sitini na vitatu, dola mbili kwa mwezi.
Nilikuwa nimehesabu milango nikipanda. Arobaini na minane.
"Na hivi kumi na vitano?"
Akaonyesha kwa kidevu.

Waya mweusi ulikuwa umeruka uchochoro
ukaingia dirishani mwa jengo nambari kumi na nne,
jengo lililonyang'anywa mbingu na mnara mpya wa benki.
Kule antena hushika ukuta tu;
msoma habari ana vichwa viwili, na vyote vinatabasamu.

"Sheria haitaki waya uvuke njia ya umma."
"Nguo zangu huvuka. Harufu ya samaki wa Bwana Ngai huvuka.
Paka wa ghorofa ya sita huvuka kila usiku, na leseni hana."

Nikamweleza habari za desibeli.
Akanisikiliza kama mtu anayemsikiliza mkwewe.
Chovya chovya humaliza buyu la asali:
kila chumba kinapoonja, mawimbi hupungua,
naye akapandisha ampifaya juu ya ampifaya
mpaka buyu likafurikia njia ya ndege.
Niliposema ndege, akanyamaza.
Akazima ampifaya, kisha feni.

Ng'ambo, madirisha kumi na matano yakageuka rangi kwa pamoja.
Mtu akatukana. Mtoto akachomoza kichwa,
akatutazama.
Macho hayana pazia; siku ile nilitamani yawe nalo.

Fomu haikuwa na kisanduku cha jambo hilo.
Niliandika: Uvujaji umekomeshwa.
Kisha nyuma ya bahasha, kwa penseli,
nikamwelekeza pa kuombea kibali.

Akaomba. Sahihi kumi na tano, mbili za dole gumba.
Ombi likapita idara ya barabara, idara ya majengo,
kwa mwanasheria aliyetaka kwanza maana ya neno uchochoro;
likalala, likaamshwa, likarudishwa kwa kukosa stempu.
Miezi kumi na minne.

Leseni niliipeleka mwenyewe.
Waya mmoja, unene milimita saba, urefu mita nne na nusu.
Ng'ambo palikuwa na uzio wa mabati, na shimo,
na ndani ya shimo maji ya mvua yenye rangi ya chai.

Bibi Lai-fong aliisoma yote, hadi jina la mpiga chapa.
Akaibandika ndani ya sanduku.
Waya hakuwa ameuondoa: aliufunga kwenye mwanzi
uliochomoza juu ya uchochoro,
akauanikia maganda ya machungwa.

"Umevuka nusu," akasema. "Andika hivyo."