Dakika Saba

Rimu la Bedford bado lipo.
Limelazwa stoo, nyuma ya magunia ya mahindi,
kutu imelila ukingoni, pale nyundo ilipozoea kutua.
Nililigusa kabla sijamsalimu mtu.

Mwaka wa themanini na saba nilikuwa mtunza muda,
mimi, Nyendo Chilongani, kidato cha tatu B,
saa ya shule mfukoni mwa sketi
kwa kuwa nikiivaa ilipanda hadi kiwikoni.
Saa kumi na moja alfajiri, upepo wa Mpwapwa ukipenya sweta,
ngaa, ngaa, ngaa,
na mabweni manne yakanichukia kwa pamoja.
Kisha mchakamchaka, njia ya Gulwe, kwenda na kurudi,
vumbi mpaka kwenye kope.
Nikigonga, wanakula. Nikigonga, wanaacha kula.
Hata mwalimu mkuu alinyanyuka nikigonga.
Sijapata tena cheo kikubwa kama kile.

Leo tumekuja thelathini na wanne,
fulana za njano, jina la shule kifuani,
matumbo yamezivuta herufi.
Mdachi wa klabu ya mdahalo
bado hawezi kuomba maji bila kuanza na
"Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa watunza muda."
Mbeleje kaja na wajukuu wawili
na ufunguo wa gari anaouzungusha kidoleni.
Klabu ya kilimo wametuonyesha matuta yao ya alizeti,
skauti wamepiga gwaride, mmoja kiatu kimemvuka
akaendelea na mguu mtupu, macho mbele.
Nasi tumekabidhi king'ora cha umeme.
Kinajiwasha chenyewe. Hakihitaji mtu.
Nilichanga elfu themanini, risiti ninayo.
Mtunza muda wa sasa, binti mwembamba,
alisimama pembeni na nyundo yake
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe.

Tukasoma majina ya waliotangulia. Kumi na mmoja.
Mtu mmoja nyuma akawa anajibu, "Hayupo,"
kama asubuhi za mahudhurio,
na kwa jina la saba hakujibu.

Tulikuwa kwenye pilau Ndahani alipoingia.
"Mbukwenyi!"
Dumu la lita ishirini begani,
mafuta ya kinu chake cha Kibaigwa.
"Fedha sina. Haya ni ya jiko la watoto."

Huyo Ndahani, ngoja niseme.
Kengele ya kuzima taa ilikuwa saa nne usiku.
Mimi niligonga saa nne na dakika saba,
muhula mzima,
kwa sababu kutoka penye rimu nilimwona dirishani
kainamia daftari chini ya karabai,
kalamu inakimbia,
nami nikasema: mtoto wa mchunga ng'ombe wa Kibakwe,
acha amalize ukurasa.
Shule nzima niliiibia usingizi kwa ajili yake.
Mwaka uliofuata matokeo yakabandikwa,
jina lake chini kabisa, karibu na gundi,
na miaka yote hii nimejilaumu
kwamba pengine ningempa kumi.

Leo nikamwambia.
Alicheka mpaka akashika nguzo.
"Nyendo, nani alikuwa anasoma? Nilikuwa naandika barua.
Kila usiku moja."
Akaelekeza kidevu meza ya tatu,
Mbeleje akimchambulia mjukuu nyama ya mbuzi.
"Sikupeleka hata moja.
Na ya mwisho hukuniacha nimalize.
Siku ya kufunga shule uligonga saa nne kamili."

Kweli. Mwalimu wa zamu alikuwa kasimama nami,
tochi mkononi.

Nikanyamaza kidogo.
Ilinichoma mahali ambapo sikujua kama pangali hai.
Nikauliza, "Uliishia wapi?"
Akapangusa mafuta kwenye kifuniko cha dumu,
akapangusa tena palipokwisha kukauka.
"Iliandikwa: *kama*," akasema,
"halafu..."

na king'ora kikalia, saa nane kamili,
hakikuzidisha hata sekunde.